Nzuri, Ila…

Mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku bila kulitaja, nalo ni kuficha yaliyo moyoni tunapokuwa mbele za watu.

Hebu tuanze na salamu zetu. Mtu akituuliza, "Habari za nyumbani?" tunajibu, "Nzuri." Hata kama usiku kucha hatukupata usingizi, jibu ni hilo hilo. Lakini wazee waliotuachia lugha hii walikuwa na busara. Baada ya "nzuri" waliacha nafasi ya neno moja dogo: "ila". "Nzuri, ila mtoto anaumwa." "Njema, ila tumefiwa." Kwanza unampa mwenzako adabu yake, kisha unampa ukweli. Wengi wetu tunaishia kwenye "nzuri". Ile "ila" tunaimeza na kuendelea na shughuli.

Je, kufanya hivyo ni unafiki? Je, kunadhuru mwili? Na mtu atajuaje kwamba sasa amezidisha? Ili tusizungumze juu juu, tumchukue kama mfano mama ambaye sisi wauguzi tunakutana naye mara kwa mara: yule aliyejifungua mtoto asiye na uhai, na wiki chache baadaye akaalikwa kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani.

Msiba usio na matanga

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kwamba karibu watoto milioni 2 duniani huzaliwa wakiwa wamekufa kila mwaka, mimba ikiwa imefikisha wiki 28 au zaidi. Hapo hazijahesabiwa mimba zinazoharibika mapema. Kwa hiyo akina mama wa namna hii tunao katika kwaya zetu, katika jumuiya zetu na katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa.

Katika jamii zetu nyingi mtoto huyu huzikwa upesi na watu wachache, mara nyingi mama yake akiwa bado amelazwa. Hakuna turubai, hakuna daftari la rambirambi, wala hakuna majirani wanaolala chini kwa siku tatu. Mama akirudi nyumbani anaambiwa, "Shukuru wewe umepona. Utapata mwingine." Wanaosema hivyo wanampenda. Lakini siku chache baada ya kujifungua maziwa yanajaa, kwa sababu mwili haujui kwamba mtoto hayupo. Mama anabaki na matiti yanayouma na kanga iliyolowa, naye hana wa kumwambia.

Kisha inafika siku ya ubatizo. Anavaa sare ya shughuli kama wenzake. Mtu asiyejua, au aliyesahau, anamwekea mtoto mapajani: "Hebu mpakate, dada, nikachukue sahani." Naye anampakata, anatabasamu, anamsifu mtoto kwa uzuri wake. Wanaomtazama wanasema, "Jasiri yule, ameshasahau." Hajasahau hata kidogo. Anajikaza tu.

Kujizuia si unafiki

Tuseme wazi kwamba mama huyu hakutenda kosa. Mnafiki huficha ukweli ili ajipatie faida. Mama huyu ameficha huzuni ili asiharibu furaha ya mwenzake, na hiyo ni zawadi aliyoitoa.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 43, tunamwona Yusufu akiwa mtawala huko Misri. Ndugu zake wamekuja kununua chakula, naye anamwona Benyamini, mtoto wa mama yake. Moyo unamjaa. Hakulia palepale mezani. Aliondoka haraka, akaingia chumbani, akalia huko. Kisha akanawa uso, akatoka, akajizuia, akaamuru chakula kiandaliwe. Alikuwa mwenyeji, na wageni walipaswa kula.

Sisi wauguzi tunaielewa sana habari hii. Wodini mtoto anaweza kufariki kitanda hiki, na kitanda kinachofuata kuna mama anayesubiri sindano ya mwanawe. Muuguzi huingia stoo ya vifaa, akafuta macho, akarudi. Mama wa kitanda cha pili anastahili mikono isiyotetemeka. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika mwaka 1983 kitabu kinachoonyesha kwamba kuitawala sura na moyo mbele za watu ni kazi, kama kubeba mizigo ilivyo kazi. Alichunguza wahudumu wa ndege, ambao hutakiwa kumtabasamia hata abiria anayewatukana. Kama ni kazi, basi inachosha, na aliyechoka anahitaji kupumzika.

Wengi tunaishia Yusufu alipojizuia. Lakini habari haikuishia hapo. Katika sura ya 45 aliwatoa watu wote nje, akabaki na ndugu zake, akalia kwa sauti kubwa hata Wamisri waliokuwa nje wakamsikia. Kile alichokizuia mezani alikipatia mahali na wakati wake. Kujizuia ni kama kukopa: si vibaya, ila deni halifutiki kwa kulisahau. Wahenga walishasema, dawa ya deni ni kulipa.

Mwili nao unajua

Watafiti wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha mwaka 1997 uchunguzi uliowahusu wanawake 180. Walionyeshwa filamu za kuhuzunisha, za kuchekesha na za kawaida. Nusu yao walitazama tu. Nusu nyingine waliambiwa wazuie nyuso zao, asiwepo mtu wa kujua wanahisi nini. Waliojizuia walifaulu kuficha. Lakini huzuni yao haikupungua kwa sababu ya kufichwa. Kilichopungua ni ile raha ya kuchekeshwa. Na wakati wa filamu za huzuni na za kuchekesha, moyo na mishipa yao ya damu ilifanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko ya wenzao.

Tulitafakari jambo hili, akina mama. Tunadhani tunaizika huzuni, kumbe inayopungua ni furaha.

Uchunguzi mwingine wa watafiti wa kundi hilo, uliotolewa mwaka 2003, uliwaweka wanawake wasiojuana wawili wawili wazungumze juu ya jambo la kusikitisha. Pale ambapo mmoja aliambiwa kwa siri afiche hisia zake, shinikizo la damu la yule mwenzake aliyekuwa akizungumza naye lilipanda zaidi. Hakuambiwa kitu, lakini mwili wake uliona kwamba hapa pana jambo. Labda ndiyo maana tunatoka kwenye mazungumzo fulani tumechoka bila kujua sababu.

Vilevile imeonekana kwamba mtu anayejikaza asilie hushika vibaya maneno anayoambiwa wakati huo, kwa kuwa akili yake ina kazi mbili. Basi mama anayepewa maelekezo ya dawa huku anazuia machozi asione aibu kumwambia muuguzi, "Naomba uniandikie," au kuingia na ndugu wa kumsikilizia.

Hatusemi kwamba kujizuia siku moja kutakuletea ugonjwa. Tunazungumzia mzigo wa kila siku usiotuliwa. Kliniki tunawaona akina mama wanaolalamika kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Tunapima malaria, tunapima damu na shinikizo, na ni lazima tupime, kwa sababu si kila maumivu ni mawazo. Lakini mara nyingine vipimo vyote vinakuwa sawa, na tukiuliza kwa upole, "Mama, nyumbani kukoje?" ndipo yanapoanza kutoka.

Watoto husoma uso

Wengi wetu tunajikaza kwa ajili ya watoto. Ni vizuri, kwa kiasi. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa watoto Edward Tronick na wenzake waliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache wakae kimya na uso mkavu, bila kucheka wala kununa. Watoto wa miezi michache tu waliona tofauti. Walijaribu kumrudisha mama kwa tabasamu na mikono, na waliposhindwa wakageuza nyuso zao pembeni.

Uso mkavu wa dakika chache haumharibu mtoto. Uchunguzi huu unatufundisha tu kwamba mtoto hadanganyiki kirahisi. Mkubwa kidogo akiona mama amenyamaza bila sababu, hutafuta sababu mwenyewe, na mara nyingi hujidhania kuwa yeye ndiye mkosaji. Heri kumwambia kwa kifupi: "Mama ana huzuni leo kwa sababu ya mtoto wetu aliyefariki. Si kosa lako. Nitakuwa sawa." Hapo hujamtwisha mzigo, umemwondolea.

Njia za kupita siku ngumu

Turudi kwa mama yetu aliyealikwa ubatizo. Tungemshauri hivi:

1. *Ajue kwamba anaweza kutokwenda.* Atume zawadi mapema, doti ya kanga au sabuni ya mtoto, pamoja na neno la upendo: "Nimefurahi kwa ajili yenu. Moyo wangu bado mzito, nitakuja kumwona mtoto baadaye." Hakuna rafiki wa kweli atakayekasirika.

2. *Akienda, aende na mmoja anayejua.* Wakae karibu na mlango. Wakubaliane ishara, ili mwenzake aseme, "Twende ukanisaidie kitu," nao watoke.

3. *Ashike kazi.* Shughuli zetu zina baraka hii, kwamba nyuma ya nyumba kuna kazi siku zote. Aombe kumenya vitunguu. Penye vitunguu hakuna anayeuliza machozi yametoka wapi.

4. *Koo likianza kukaza*, akanyage chini kwa miguu yote miwili, avute pumzi, aitoe polepole kuliko alivyoivuta, anywe maji kidogo. Yakizidi, afanye kama Yusufu: aondoke, alie, anawe uso kwa maji baridi, arudi au aende zake.

5. *Awe na sentensi moja mkononi* kwa wanaouliza sana: "Leo siwezi kulizungumza, asante kwa kunijali." Si lazima kila aulizaye ajibiwe yote.

6. *Deni lilipwe.* Jioni ileile au kesho yake apate nusu saa ya kulia, ya kuomba, ya kuandika daftarini au ya kumwambia mtu. Asilale na mzigo akisema yamekwisha.

Kwa matiti yaliyojaa, avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa chenye maji baridi, na akamue kidogo tu kwa ajili ya nafuu, kwa kuwa kukamua sana huongeza maziwa. Titi likiwa jekundu na la moto, au akipata homa, aende kituo cha afya bila kungoja.

Tumwambie nani?

Hapa ndipo penye ugumu, nasi tusijifiche. Wengi hunyamaza kwa sababu waliwahi kusema, na siri ikarudi kwao kutoka mtaa wa tatu. Tena kwetu sisi akina mama wa kanisa siri ina njia yake ya pekee ya kutembea: hutembea ikiwa imevaa nguo ya maombi. "Wapendwa, tumwombee mama fulani, ana jambo zito nyumbani kwake." Mpaka maombi yaanze, wote wameshajua jambo ni lipi. Sala ya namna hiyo humfunga mwenzetu mdomo kwa miaka.

Chagua mtu mmoja, wawili wakizidi. Si lazima awe yule anayeomba kwa sauti kuu. Mtazame anavyowazungumzia wengine wasipokuwepo; ndivyo atakavyokuzungumzia wewe. Mpe jambo dogo kwanza, uone kama litakaa. Anaweza kuwa dada yako, shangazi, mke wa mchungaji, au muuguzi, ambaye kazi yake inamlazimu kutunza siri. Na mume je? Baba wa mtoto naye amefiwa, naye ameambiwa, "Wewe ni mwanaume, jikaze." Nyumba nyingi zina watu wawili wanaofichana machozi chini ya paa moja, kila mmoja akidhani anamkinga mwenzake. Mwanzo unaweza kuwa neno moja tu usiku: "Baba nanihii, mimi bado ninamkumbuka mtoto wetu."

Tunajifunza pia kwa Hana, katika 1 Samweli sura ya kwanza. Aliomba moyoni, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Uso uliofichwa husomwa vibaya hata na watu wazuri. Hana hakukasirika wala hakusema "nzuri tu". Alimweleza kwamba ana huzuni. Eli akamsikiliza, akambariki. Hana akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Angalieni mpangilio: uso ulibadilika kabla hajapata mimba. Kilichotokea kwanza ni kwamba alimimina moyo wake, na mtu akamsikia.

Tunapokuwa sisi tunaouliza

Mara nyingi tunawalaumu walionyamaza, lakini "ila" haiwezi kutoka pasipo mtu wa kuipokea. Basi tujifunze kuuliza mara mbili. Baada ya "Habari za nyumbani?" na jibu la "Nzuri", tuulize tena kwa sauti ya chini, "Na wewe mwenyewe, mama?" Kisha tunyamaze. Tusitazame saa. Tusikimbilie kutoa mfano wa msiba wetu sisi.

Kwa aliyefiwa na mtoto mchanga, tuache "utapata mwingine", tuache "hukumzoea". Alimbeba miezi yote hiyo. Alimzoea kuliko mtu yeyote. "Pole sana, mwenzangu" inatosha. Kama mtoto alipewa jina, tulitaje. Tukipeleka uji, tuoshe na vyombo vilivyoko.

Mambo ambayo hayafai kufichwa

Kuna hisia za kuahirisha, na kuna hali za kusema leo hii. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mama hana raha na kitu chochote, analia kila siku au hawezi kulia kabisa, hali, halali, anajiona hana thamani, au anaona mtoto aliyenaye kama mgeni, aende kituo cha afya. Wauguzi na waganga tunao utaratibu wa kupima hali hiyo. Tangu mwaka 1987 yapo maswali 10 yaliyoandaliwa huko Uskoti kwa ajili ya akina mama waliojifungua, nayo hutumika katika nchi nyingi. Ni ugonjwa, una matibabu, na si ishara ya imani ndogo. Ikiwa mawazo ya kutaka kufa au ya kumdhuru mtoto yamekuja hata mara moja, amwambie mtu saa hiyo hiyo, na mtu huyo asimwache peke yake mpaka wafike hospitali.

La pili ni kipigo. Wapo wanaovaa mikono mirefu na kujitanda kanga ili majirani wasione alama, wakisema wanatunza siri ya nyumba. Kutunza siri ya nyumba ni kutotangaza upungufu wa unga. Kuumizwa mwili si siri ya nyumba. Hapa Tanzania vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na maafisa ustawi wa jamii wapo kwa kazi hiyo. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua, nasi tusingoje kilio.

Akina mama wapendwa, hatuwaombi mvae mioyo yenu nje kila mahali. Meza ya mwenzako iheshimu, wageni wale, mtoto abatizwe kwa vigelegele. Ila ukifika nyumbani, lipa deni. Na mwezi huu, kabla hatujakutana tena katika ukurasa huu, kila mmoja wetu amtafute mama mmoja anayejibu "nzuri" haraka mno, amuulize mara ya pili, kisha akae amsikilize.

Bwana awape amani ya moyo. Kwaherini mpaka mwezi ujao.